Miaka Tuliyoishi Ihesabiwe

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita, katika mkutano wa watu wasio na karatasi za uraia, chini ya mwembe wa shule, huku kwetu kusini mwa Kwale, pwani ya Kenya. Nayaweka yote hapa kwa ajili ya waliokuwa baharini siku ile, na kwa jamaa zetu wa Kilifi na Lamu walioniomba niwaandikie.

Assalaam aleikum. Ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokaa huko nyuma kwenye jua, sogeeni jamani, kivuli hiki ni chetu sote.

Kabla sijasimama hapa, kijana mmoja alinifuata pale kwenye mtungi wa maji. Aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia habari za mgonjwa. "Dada, mtu asiye na karatasi, ameshaishi hapa, ameshaoa, ameshazaa, anaweza kuhalalishwa kweli? Au tunapewa matumaini tu?"

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza mengine. Lakini swali hili ndilo lililotuleta wote hapa, ila wengi tunaona haya kuliuliza. Basi nalijibu mbele ya watu. Ndiyo. Anaweza. Mimi ninayesema nanyi nilizaliwa kilomita mbili kutoka mwembe huu, na kitambulisho nilikipata nikiwa na miaka 41.

Miaka 41! Mnajua maana yake, lakini nawaambia majirani zetu wenye vitambulisho, waliokuja kutusikiliza. Maana yake laini ya simu imeandikishwa kwa jina la jirani. Pesa zako ziko kwenye simu, lakini mbele ya kampuni ya simu ni pesa za jirani. Usiku mmoja mwanangu alishikwa na homa kali, na jirani yangu yule amekwenda matangani Lunga Lunga. Simu ninayo mkononi, pesa ziko ndani ya simu, na wakala ananiambia, "Mama, naomba kitambulisho." Nilikaa kwenye benchi la wakala yule nimempakata mtoto, nikimsikia anavyohema, mpaka mwenye duka la dawa aliponihurumia akanikopesha. Sikuwa maskini usiku ule. Sikuwa na karatasi.

Kwa hiyo nasema ndiyo, na nasema nikijua bei yake. Lakini kijana wangu, uko wapi? Swali linalofuata ni hili: kwa mlango gani? Maana milango ni mingi, na kila mmoja una watu wake.

Niruhusuni nianze na babu yangu.

Babu alitoka Pemba miaka ya hamsini. Alikuja na upepo wa kusi, mashua ya watu wanne, akinuia kurudi na kaskazi kama walivyofanya wazee wake wote. Alitia nanga huku kwa sababu samaki walikuwepo, na mchuuzi wa papa mkavu alilipa vizuri. Mwaka wa pili akaja na mkewe. Kaskazi ya mwaka ule ikamkuta bibi ana mimba ya baba yangu, hawezi kusafiri na mawimbi. Wakasema tungoje azae. Hatujaondoka mpaka leo.

Sasa niambieni, babu alitoka nchi gani akaingia nchi gani? Pemba ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar. Na ukanda huu wa pwani, zile maili kumi kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani huyo huyo; Waingereza waliuendesha tu kwa mkataba. Bendera iliyopepea kule ndiyo iliyopepea Mombasa. Nani angemwuliza babu pasi? Pasi ya kutoka kwa Sultani kwenda kwa Sultani?

Halafu ukaja mwezi wa Desemba 1963. Sultani alikuwa ameshaiachia Kenya ukanda wake mwezi Oktoba. Tarehe 10 Desemba Zanzibar ikapata uhuru. Tarehe 12 Desemba Kenya ikapata uhuru. Siku mbili, jamani. Siku mbili tu, na babu, ambaye hakuondoka pale dikoni panapoegeshwa mashua, alikuwa mgeni. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi Unguja, na Wapemba wengine wakaja wakikimbia. Waliotutangulia, tuliokuwepo na waliokuja na hofu, wote tukawekwa kapu moja: watu wa kutoka nje.

Mtasema, lakini si serikali ilitoa nafasi? Ni kweli, ilitoa. Waliokuwa wakiishi hapa walipewa miaka miwili wajiandikishe kuwa raia. Miaka miwili. Nani alikuja dikoni kumwambia babu? Nani alimsomea? Babu alisoma Kurani na alisoma nyota. Gazeti la serikali la Kiingereza hakulijua. Miaka miwili ikapita akitega madema. Na sisi wajukuu tukalipa miaka hamsini na zaidi.

Wala hatukuwa peke yetu. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge na miwa, na hapa Kwale hakuna asiyejua mashamba ya miwa ya Ramisi. Washona walitoka Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, miaka ya sitini, wakija kuhubiri Injili. Wakakaa viunga vya Nairobi wakichonga samani na kusuka vikapu. Wako ndugu zetu wengine, na naona nyuso zao hapa leo, ambao wazee wao walitoka Rwanda, Burundi na Kongo kuja kufanya kazi mashambani. Hadithi ni moja: kuna tarehe ilipita, na hakuna aliyewaambia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo.

Katiba yetu ya 2010 inasema kwamba mtu aliyeishi Kenya mfululizo na kihalali kwa muda usiopungua miaka saba anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Mmelisikia neno? Kihalali. Miaka saba tunayo. Miaka saba mara saba tunayo! Lakini kihalali? Ili uhalalishwe, ni lazima uwe umeishi kihalali. Na ili uishi kihalali, ni lazima uwe umehalalishwa. Mtu anazunguka kama ng'ombe wa kinu cha ufuta: anatembea siku nzima, jioni yuko pale pale.

Ndiyo maana naipenda Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Naipenda kama mtu anavyompenda mkunga wake. Kifungu chake cha 15 kilimchukua mtu asiye na nchi yoyote, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, kikasema: huyu, akiomba, atahesabiwa kwamba ameishi kihalali. Atahesabiwa! Serikali ilikubali kuwa yale maisha ya dikoni na shambani, bila pasi na bila kibali, yalikuwa maisha halali. Ikataka ajue Kiswahili au lugha ya wenyeji, asiwe amefungwa miaka mitatu au zaidi kwa kosa, na awe na nia ya kukaa hapa moja kwa moja. Vifungu viwili vinavyofuata vikawataja wahamiaji wa zamani na wazawa wao, yaani watoto na wajukuu kama mimi.

Kwa hiyo mtu akikuambia haiwezekani, mwambie sheria ilishaandikwa na watu walishapita. Oktoba 2016 Wamakonde waliondoka hapa Kwale kwa miguu, wazee na akina mama, wakielekea Nairobi. Wakapokewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Desemba 2020 ikawa zamu ya Washona 1,670, pamoja na watu wa asili ya Rwanda. Na Julai 2023 ikawa zamu yetu Wapemba, zaidi ya 7,000, pale Kilifi, mbele ya Rais William Ruto. Nilikuwepo. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alipewa cheti chake, hakukisoma. Alikiweka kwenye shavu lake, akafumba macho, akakaa nacho hivyo mpaka wajukuu wakaanza kumwuliza kama ni mzima.

Lakini sitawaficha. Dirisha lile la sheria lilikuwa na muda wake. Lilikuwa la miaka mitano, likaongezwa mitatu, likafungwa Agosti 2019. Sisi Wapemba tulipata baadaye, kwa ombi lililofika Bunge la Taifa na kwa tangazo la Rais, baada ya watu kuhesabiwa kijiji kwa kijiji. Mimi naona hilo ni kosa, na nalisema hadharani: haki isiwekewe tarehe ya kufungwa kama usajili wa timu za mpira. Yale yale yaliyompata babu na miaka yake miwili, tumeyarudia kwa miaka minane. Kuna mama hapa alisikia habari za dirisha lile mwaka 2020.

Wala si Kenya tu. Marekani mwaka 1986 walitunga sheria, na watu wapatao milioni 2.7 wasio na karatasi wakapata ukaazi halali; wengi wao walikuwa wale walioweza kuonyesha kwamba waliingia kabla ya mwaka 1982. Sheria yao ina mlango mwingine kwa aliyekuwepo nchini tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1972. Tarehe hiyo iliwekwa mwaka huo huo wa 1986 na haijasogezwa hata siku moja. Aliyeingia mkesha wa siku hiyo akiwa mtoto mchanga leo ni mtu mzima mwenye mvi. Mlango wenyewe upo, lakini kila mwaka wanaoweza kupita wanazidi kupungua kwa sababu wanazikwa.

Na jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha njia. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakalima kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa kuwa raia. Mkupuo mmoja, watu laki moja na sitini elfu! Lakini wengi walikubaliwa kufikia 2010 na vyeti vikaanza kugawanywa mwaka 2014. Mtu anaambiwa wewe ni raia, halafu anakaa miaka minne mikono mitupu. Nayasema haya ili mkipewa ahadi, msirudi nyumbani mkalala. Rudini kesho yake mkaulizie karatasi.

Sasa, huo ushahidi wa kwamba umeishi tangu zamani unatoka wapi?

Kwetu ulitoka paani. Bibi yangu alikuwa na mfuko wa nailoni alioufunga kwa uzi wa mshipi akauchomeka kwenye makuti, juu ya meko. Tukiwa watoto tulidhani ni hirizi. Siku kamati ya usaili ilipotangazwa, baba alipanda kwenye kigoda akauteremsha. Ukanuka moshi na chumvi. Ndani mlikuwa na stakabadhi ya kodi ya babu, kona moja imeliwa na mende, jina lake limekosewa herufi mbili. Kadi ya kliniki ya bibi. Barua ya mwalimu mkuu ya mwaka 1971, ikimtaka babu alete ada ya baba yangu. Barua ya kudai ada, jamani! Babu aliionea aibu barua ile, na ndiyo iliyosema kuliko zote kwamba tulikuwepo.

Kwa hiyo nyumbani kwenu, teremsheni vilivyo paani. Kadi ya chanjo, ripoti ya shule, risiti ya nyavu, picha ya harusi yenye tarehe nyuma. Hata kaburi. Ndiyo, kaburi la mzee wako lililoandikwa mwaka ni karatasi ya saruji. Lipigeni picha.

Na ushahidi mwingine ni majirani. Mbele ya kamati tulitakiwa kila mtu alete shahidi ambaye si wa ukoo wake. Tulimleta mama mmoja wa Kidigo, anatembea kwa fimbo, macho yana mtoto wa jicho. Ofisa akamwuliza, "Mama, unamfahamu huyu bwana?" Akimaanisha baba yangu. Mama yule akapapasa mpaka akaushika mkono wa baba, akasema, "Huyu? Nilimkata kitovu mimi. Usiku wa mvua ya masika, na kiwembe nilitumwa kwenda kukiazima. Nanyi mnaniuliza kama namfahamu?" Ofisa aliacha kuandika. Kisha akaandika.

Wadigo wetu, Waduruma wetu, mlioketi hapa: hilo ndilo tunalowaomba. Hatuombi ardhi yenu. Tunaomba mseme mliyoyaona kwa macho yenu.

Nakuja kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Kuazima ukoo.

Mnajua ninalolisema. Kijana kachoka kukimbizana na askari wa doria, kachoka kuvua kwa leseni ya mtu na kumwuzia mwenye leseni samaki kwa bei anayotaka yeye. Anatokea mtu: lete elfu kadhaa, kuna familia itakutia kwenye ukoo wao, utapata kitambulisho. Kaka yangu alifanya hivyo. Alipata kitambulisho kweli, kina picha yake, alama za vidole vyake, na jina la baba wa watu wengine. Akaoa kwa jina lile. Wanawe wanne wana vyeti vya kuzaliwa vyenye jina lile. Baba yetu alipofariki, hati ya kaka yangu ilisema hakufiwa. Na mwaka 2023 tulipoandikishwa, dada na wadogo wote, yeye alisimama nje ya foleni akitutazama. Angesema nini? Vidole vyake vilishasema yeye ni mtu mwingine. Mpaka leo tunahangaika kulirudisha jina lake, na kila ofisi tunayoingia anaogopa kwamba kwanza ataulizwa kosa lake.

Msinunue jina. Nawasihi. Karatasi ya uongo haikuhalalishi. Inakufungia hata ule mlango ambao ungekuwa wako.

Na mara nyingine mtu ananunua alichokuwa nacho tayari. Mwaka jana alinijia kijana, ameshaweka akiba ya kununua kitambulisho. Nikamwuliza mzazi wake mmoja mmoja. Baba ni Mpemba hana karatasi. Mama? "Mama ni Mdigo wa hapa hapa Msambweni, ana kitambulisho tangu zamani." Nikamwambia rudisha pesa zako mfukoni. Katiba inasema aliyezaliwa na mama au baba ambaye ni raia, huyo ni raia wa kuzaliwa, awe amezaliwa kabla ya Katiba hii au baada yake. Hakuhitaji kuhalalishwa. Alihitaji cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha mama yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Miaka yote hii najificha polisi, kumbe najificha bure?"

Wangapi hapa mama zao ni raia? Nyosheni mikono. Tazameni ilivyo mingi! Nyinyi hamko kwenye foleni ya kina babu yangu. Hameni kule, njooni huku.

Wake na waume wa raia, mmeshafikisha miaka saba ya ndoa? Katiba inawapa haki ya kuomba kuandikishwa. Lakini ndoa iwe na cheti. Nikaha iliyofungwa msikitini ikaishia kwenye halua na kahawa haitoshi. Nendeni kwa Kadhi ikaandikishwe. Watoto waliozaliwa hapa, wote, wa mwenye karatasi na wa asiye nayo, kizazi chao kiandikishwe. Cheti cha kuzaliwa peke yake hakimfanyi mtoto kuwa raia, lakini bila cheti hana pa kuanzia. Na wewe uliyevuka mpaka juzi kutafuta kazi, nakuheshimu, ila mlango wa kina babu si wako. Wako ni kibali, na ukakiombe mapema kabla hujaulizwa. Aliyekimbia vita, mwambieni aende kwenye ofisi ya wakimbizi akaandikwe kama mkimbizi, asijifiche kwenye orodha yetu.

Orodha yetu ni ya waliobaki: wazee wao walikuwepo, mama si raia, baba si raia, na nchi nyingine hawana. Tunaihesabu upya, nyumba kwa nyumba, kama walivyohesabiwa Wapemba kabla ya ombi kwenda Bungeni. Asiyekuwemo kwenye orodha hatutaweza kumsemea.

Meza ni tatu. Ile ya kwanza karibu na mlango wa darasa ni ya wenye mama raia. Ya kati ni ya ndoa na vizazi. Ya tatu, chini ya mwembe hapa nilipo, ni ya waliobaki, na nitaandika mimi mwenyewe. Njooni na mifuko yenu kama ilivyo, na uzi wake, tutaifungua pamoja. Yule bibi mwenye kanga ya buluu aanze. Ametembea tangu alfajiri. Kijana wa mtungi wa maji, mshike mkono umlete.